Spilsbury: Shahidi Aliyeaminiwa Kupita Kiasi

Mahakama, kwa desturi, haitaki maoni ya shahidi. Humtaka aliyeona aseme alichokiona, na aliyesikia aseme alichokisikia, kisha akome hapo. Lakini yupo shahidi mmoja aliyetengewa mlango wake peke yake. Huyu hakuwapo tukio lilipotokea, hamjui mshtakiwa wala aliyeuawa, na bado huruhusiwa kueleza afikirivyo kwa kuwa jambo lenyewe amelisomea. Hapa kwetu mlango huo umefunguliwa na kifungu cha 48 cha Sheria ya Ushahidi. Ndimo wanamopita madaktari wapasuao maiti, wachunguzi wa risasi, na wataalamu wa miandiko na alama za vidole.

Pamoja na ruhusa hiyo, sheria ya Kiingereza ilimpa shahidi ngao. Kwa karne kadhaa majaji wa Uingereza walishikilia kwamba mtu hawezi kudaiwa fidia kwa maneno aliyoyatamka akitoa ushahidi, hata kama maneno hayo yalitokana na uzembe au yalimharibia mwenzake jina. Mnamo 1905 Bunge la Malodi, ambalo wakati huo lilikuwa ndiyo mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo, lilimkinga daktari mmoja wa Scotland hata kwa yale aliyowaambia mawakili faraghani alipokuwa akijiandaa kutoa ushahidi. Aliyesema uongo kwa makusudi aliweza kushtakiwa kwa kosa la kiapo cha uongo. Aliyekosea kwa uzembe, au kwa kujiamini kupita kiasi, hakuguswa. Sheria hii ya mapokeo ndiyo iliyokuja Kenya pamoja na mahakama za kikoloni, nasi tukairithi.

Sababu yake si ya kupuuzwa hata kidogo. Ikiwa daktari atajua kwamba kila neno alisemalo mahakamani laweza kumletea kesi ya madai, ama atakataa kufika, ama atafika na ulimi uliofungwa. Walitaka aseme bila hofu. Swali ambalo halikuulizwa kwa muda mrefu ni hili: je, shahidi mwenyewe akiwa ndiye anayeogopwa na wengine wote mahakamani? Jambo hilo lilitokea London katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na mhusika wake ni Sir Bernard Spilsbury.

Bernard Henry Spilsbury alizaliwa tarehe 16 Mei 1877 katika mji wa Leamington Spa, Uingereza. Baba yake alikuwa mtengenezaji wa kemikali na dawa. Alisoma katika Chuo cha Magdalen huko Oxford, kisha mnamo 1899 akaingia shule ya udaktari ya hospitali ya St Mary's, mtaa wa Paddington. Hakuwa mwanafunzi wa kung'aa. Alihitimu mnamo 1905, akiwa na umri wa miaka 28, baada ya kuvutwa na fani ambayo wenzake waliiona ya chini na yenye kunuka: uchunguzi wa maiti. Hapo St Mary's walikuwapo Pepper, Luff na Willcox, mabingwa wa tiba ya kisheria na sumu, na kijana huyu akawa mkono wao wa kulia. Alifanya kazi akiwa kimya na peke yake, hadi usiku wa manane, akitumia hadubini na pua yake. Ilisemwa kwamba alikataa glavu ili asipoteze hisia za vidole.

Jina lake lilipanda ghafula mnamo 1910. Daktari mmoja wa Kimarekani aliyekuwa akiishi London, Hawley Harvey Crippen, alidai kwamba mkewe Cora amekwenda Marekani na kufia huko. Polisi walipochimba sakafu ya chumba cha chini cha nyumba yake wakakuta mabaki ya mwili yasiyo na kichwa, viungo wala mifupa. Crippen alikwisha kutoroka kwa meli pamoja na kimada wake, akakamatwa kwa msaada wa simu ya upepo, jambo lililowasisimua watu dunia nzima. Lakini mabaki yale yalikuwa ya nani? Spilsbury, akiwa na miaka 33 tu, alisimama na kipande cha ngozi akaeleza kwamba kina kovu la upasuaji, na Cora aliwahi kupasuliwa tumbo. Madaktari wa upande wa utetezi, waliomzidi umri na vyeo, walisema hilo ni kunjo tu la ngozi. Hakubishana nao. Alieleza kwa maneno machache na sauti ya upole, akiwatazama wanajuri, yaani wale raia 12 wa kawaida ambao ndio waamuzi wa kesi. Waliamini. Crippen alinyongwa tarehe 23 Novemba 1910. Karibu karne moja baadaye, mnamo 2007, wanasayansi wa Marekani walipima chembechembe za urithi kutoka kioo cha hadubini kilichohifadhiwa tangu kesi ile, wakatangaza kwamba nyama ile haikuwa ya Cora, na baadaye kwamba wala haikuwa ya mwanamke. Wapo wanaopinga matokeo yao, kwa hoja kwamba kielelezo cha miaka mingi kiasi hicho huchafuka na kwamba jamaa waliolinganishwa nao huenda si jamaa wa kweli. Mjadala haujesha.

Baada ya Crippen kesi zilifuatana: Seddon na aseniki mnamo 1912, George Joseph Smith aliyewazamisha wake zake bafuni mnamo 1915, wakili Armstrong mnamo 1922. Mnamo 1923 mfalme alimtunukia cheo cha Sir. Mwaka uliofuata, alipomwona mpelelezi akiokota mabaki ya marehemu Emily Kaye kwa mikono mitupu, alishauri polisi wa London wawe na mkoba maalumu wenye glavu, chupa na vifaa vya kuhifadhia vielelezo. Mkoba huo ukawa kielelezo kwa polisi wa nchi nyingi. Nalitaja hili ili msomaji asidhani namzungumzia mlaghai. Spilsbury hakuwa mlaghai. Hakuna anayesema alipokea hongo, na watu wengi aliosaidia kuwatia hatiani walistahili. Alikuwa mtu hodari, mchapa kazi na mwaminifu kwa yale aliyoyaona. Ubaya ni kwamba alifikia mahali ambapo yale aliyoyaona yeye yalihesabiwa kuwa ndiyo yaliyokuwapo.

Chukua kesi ya Norman Thorne. Kijana huyu alifuga kuku karibu na Crowborough, wilaya ya Sussex. Mnamo Desemba 1924 mchumba wake, Elsie Cameron, alitoka London kwenda kwake, akatoweka. Thorne alikana kumwona. Mwezi uliofuata maiti yake ikapatikana imekatwakatwa na kuzikwa ndani ya ua wa kuku. Hapo Thorne akabadili maneno: alisema alitoka kidogo usiku, aliporudi akamkuta msichana amejinyonga kwenye boriti ya kibanda, akaingiwa na hofu, akamkata na kumfukia. Ni hadithi ya kutiliwa shaka, hasa kwa mtu aliyekwisha kuwadanganya polisi na ambaye tayari alikuwa na msichana mwingine. Polisi waliichunguza boriti wasione alama ya kamba. Hata hivyo kiini cha kesi kilikuwa shingo ya marehemu.

Spilsbury alisema shingo haikuwa na dalili yoyote ya kamba, na kwamba Elsie alikufa kwa mapigo. Mwili ukazikwa. Upande wa utetezi ukaomba ufukuliwe, na Dakta Robert Brontë, mtaalamu kutoka Ireland, akauchunguza zaidi ya mwezi mmoja baadaye. Yeye aliona mistari shingoni, akachukua vipande vya ngozi na kuvitazama kwa hadubini, akasema vinaafikiana na kamba. Spilsbury alipohojiwa alikiri kwamba ile mikunjo ya shingo aliiona, ila hakuikata kuichunguza kwa hadubini kwa sababu kwa macho yake ilikuwa mikunjo ya kawaida. Madaktari kadhaa walimuunga mkono Brontë. Jaji, katika kuwafafanulia wanajuri ushahidi, aliwaambia kwamba maoni ya Spilsbury bila shaka ndiyo bora kabisa yanayoweza kupatikana. Baada ya hapo juri haikuwa na kazi kubwa.

Wakili wa Thorne, J. D. Cassels, alikata rufani. Sheria ya rufani ya 1907 iliiruhusu mahakama kukabidhi swali la kisayansi kwa mtaalamu maalumu ili alichunguze upya bila kuegemea upande wowote. Aliomba hilo lifanyike, akakataliwa. Thorne alinyongwa katika gereza la Wandsworth tarehe 22 Aprili 1925. Baadhi ya wanasheria walilalamika waziwazi juu ya imani hiyo ya upofu, na hata Sir Arthur Conan Doyle, mtunzi wa Sherlock Holmes, alionyesha mashaka. Sisemi Thorne hakuua. Nasema aliyetakiwa kupima hoja mbili alipima majina mawili.

Miaka mitano baadaye mambo yakarudi, safari hii kwa namna ya ajabu zaidi. Sidney Fox, tapeli mzoefu, alikuwa akizunguka na mama yake mzee kutoka hoteli hadi hoteli bila kulipa. Usiku wa tarehe 23 Oktoba 1929, katika hoteli ya Metropole mjini Margate, moto ulizuka chumbani mwa mama huyo, akatolewa akiwa amekufa. Bima ya maisha yake ilikuwa iishe usiku huohuo. Kampuni ya bima ikanusa, maiti ikafukuliwa, Spilsbury akaitwa. Hakukuta masizi katika njia ya hewa, ishara kwamba mama hakuvuta moshi. Akasema pia kwamba nyuma ya zoloto aliona vilio la damu, dalili ya kukabwa koo. Kwa hiyo Fox alimnyonga mamaye, kisha akawasha moto.

Upande wa utetezi ulimleta Brontë, na pamoja naye Profesa Sydney Smith wa Edinburgh, mtaalamu aliyejulikana dunia nzima kama Spilsbury mwenyewe. Walikitazama kile kiungo kilichohifadhiwa. Vilio halikuwapo. Kifupa laini kilicho chini ya ulimi, ambacho kwa mtu wa umri ule huvunjika upesi akikabwa, kilikuwa kizima. Smith akauliza alama ile iko wapi. Jibu la Spilsbury lilikuwa kwamba ilikuwapo alipoitazama yeye, kisha ikafifia. Hakuikata wala kuihifadhi kipande chake. Smith aliona kwamba huenda ilikuwa baka tu la uozo wa maiti, lakini hakupata njia ya kulithibitisha hilo, kwa kuwa kitu chenyewe hakikuwapo tena.

Mwalimu wa hisabati anayesoma makala haya atanielewa upesi. Mwanafunzi akiandika jibu peke yake bila kuonyesha njia, mwalimu mwema humnyima alama hata kama jibu ni sahihi, kwa sababu mwenzake hawezi kulikagua. Katika chumba cha mahakama pale Lewes jibu lisilo na njia lilipewa alama zote. Fox hakukata rufani. Alinyongwa tarehe 8 Aprili 1930.

Msomaji anaweza kudhani kwamba Spilsbury alikuwa mtumishi wa upande wa mashtaka tu. Sivyo. Mnamo 1927 alikwenda Edinburgh kumtetea kijana wa miaka 18, John Donald Merrett. Mama yake Merrett alipigwa risasi karibu na sikio nyumbani kwao mwezi Machi 1926, akafa wiki mbili baadaye, na ikagunduliwa kwamba mwanawe alikuwa akighushi hundi zake. Profesa Littlejohn alipofanya majaribio na bastola ile alihitimisha kwamba mama hakujipiga mwenyewe. Spilsbury, pamoja na mtaalamu wa bunduki Robert Churchill, alisema kujiua kuliwezekana. Juri ya Scotland ikatoa ile hukumu yao ya tatu, kwamba shtaka la mauaji halikuthibitishwa, na Merrett akafungwa kwa hundi tu. Baadaye alirithi mali nyingi, akajiita Ronald Chesney, akaishi maisha ya magendo. Mnamo Februari 1954 alimuua mkewe pamoja na mama mkwe huko Ealing, London, akakimbilia Ujerumani na kujipiga risasi msituni. Mwanamke yule, Vera, alikuwa bado hajaolewa Spilsbury alipotoa ushahidi wake Edinburgh.

Lawama hizi zote si za mtu mmoja. Spilsbury hakujiteua. Majaji walimsifu mbele ya juri, waendesha mashtaka walimkimbilia, magazeti yalimpamba pamoja na kofia yake ndefu na ua la kotini, na mawakili wa utetezi walijua kwamba kumbishia ni kama kubishana na hadubini yenyewe. Yeye naye alifanya kazi bila msaidizi, hakufundisha warithi, na kile kitabu kikubwa alichokusudia kuandika hakukiandika. Alibakiza maelfu ya kadi zenye mwandiko wake, kila kadi maiti yake. Inakadiriwa alipasua zaidi ya maiti 20,000. Mtu asiyeandika kitabu hakosolewi na wenzake. Mtu asiyeweza kushtakiwa haulizwi na waliopotezewa. Na mtu anayeaminiwa na kila jaji hana sababu ya kujiuliza mwenyewe. Milango mitatu ilifungwa kwa pamoja, na sheria ilifunga mmoja tu.

Mwisho wake ulikuwa wa kusikitisha. Kiharusi kilimpiga mnamo 1940. Mwaka huohuo mwanawe Peter, daktari kijana, aliuawa bomu la Wajerumani lilipoangukia hospitali ya St Thomas's. Mnamo 1945 mwanawe mwingine, Alan, alikufa kwa kifua kikuu. Aliendelea kupasua maiti huku mikono na akili vikimlegea. Jioni ya tarehe 17 Desemba 1947 alikula chakula katika klabu yake, akarudi katika maabara yake pale Chuo Kikuu cha London, mtaa wa Gower, akafungua mfereji wa gesi. Alikuwa na umri wa miaka 70.

Ile ngao ya mashahidi haikufa naye. Ilichukua zaidi ya nusu karne nyingine kuguswa, na iliguswa kwa sababu ya mama mmoja. Mnamo 1999 wakili Sally Clark alihukumiwa kifungo cha maisha kwa madai ya kuwaua watoto wake wawili wachanga. Daktari bingwa wa watoto, Sir Roy Meadow, aliiambia juri kwamba uwezekano wa vifo viwili vya ghafula katika nyumba kama ile ni mmoja kati ya milioni 73. Alipata tarakimu hiyo kwa kuzidisha namba kwa namba yenyewe, kana kwamba watoto wa baba na mama wamoja hawana uhusiano wowote. Wanatakwimu wa Uingereza walipinga hesabu hiyo. Clark aliachiliwa mnamo 2003, baada ya kugundulika pia kwamba matokeo ya maabara yalifichwa na mchunguzi wa maiti. Alifariki mnamo 2007. Baraza la madaktari lilimfutia Meadow usajili mnamo 2005. Jaji wa Mahakama Kuu alimrudishia, akisema kinga ya shahidi humlinda hata mbele ya baraza lake. Mahakama ya Rufani, mnamo Oktoba 2006, ilikataa fundisho hilo: kinga haimlindi mtaalamu dhidi ya nidhamu ya taaluma yake. Lakini majaji, kwa wingi wa kura, waliona kosa la Meadow mwenyewe halikufikia kiwango cha utovu mkubwa wa nidhamu.

Kisha, mnamo 2011, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi ya mwendesha pikipiki aliyegongwa na gari. Mwanasaikolojia aliyemwajiri kama shahidi wake alitia saini taarifa iliyoharibu madai yake, huku mwenyewe hakubaliani nayo. Kwa majaji watano dhidi ya wawili, mahakama ilifuta kinga dhidi ya madai ya uzembe. Waliokuwa wakihofu kwamba wataalamu watazikimbia mahakama walijibiwa kwamba mawakili nao waliondolewa kinga ya namna hiyo mnamo 2000, wala hawakukimbia. Hukumu za London hazizifungi mahakama zetu, ingawa mawakili wa hapa huzitaja na majaji huzisikiliza.

Ni vyema wanafunzi wa sheria waisome hukumu hiyo kwa makini, kwa maana ina mpaka. Anayeweza kumdai mtaalamu ni yule tu aliyemwajiri. Mtaalamu wa upande wa pili bado yu salama. Maana yake ni kwamba lau Norman Thorne na Sidney Fox wangehukumiwa leo kifungo badala ya kamba, na maoni ya Spilsbury yakathibitika kuwa na makosa, wasingeweza kumdai daktari wa upande wa mashtaka hata senti moja. Katika watu wote niliowataja ambao Spilsbury aliwatolea ushahidi, mwenye haki hiyo, lau ingetumika Scotland wakati huo, angekuwa mteja wake Merrett, naye hakuwa na malalamiko.